Chakula cha Kujenga Misuli kwa Fedha Kidogo

Kijana anayetaka kupunguza unene na kujenga misuli kwa kawaida hufanya mojawapo ya makosa mawili. Ama hujinyima chakula, akashinda kwa chai ya rangi mpaka jioni. Ama hutumia sehemu kubwa ya mshahara wake kununua nyama, na ule unga wa protini unaouzwa katika makopo makubwa. Yule wa kwanza hupungua kweli, lakini hupungua vibaya, kwa kuwa mwili unaokosa chakula cha kujenga hujila wenyewe: huteketeza mafuta, na pamoja na mafuta huteketeza misuli. Wa pili huenda akapata misuli, ila kodi ya nyumba humshinda.

Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili. Mtu mzima asiye na kazi nzito huhitaji gramu 0.8 hivi kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayenyanyua vitu vizito ili apate misuli hufaidika na gramu 1.6 hivi. Basi mtu wa kilo 70 atahitaji gramu 112, hesabu inayoogofya mpaka ipelekwe sokoni.

Imani ya kwamba nguvu hutoka katika nyama na maziwa peke yake ni ya zamani nchini Kenya. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha taarifa iliyowalinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea zaidi nafaka, kunde na viazi. Wanaume wa Kimaasai walipatikana kuwa warefu zaidi kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa chakula peke yake. Wala asiye na ng'ombe hana sababu ya kukata tamaa.

Nyama mbichi isiyo na mafuta ina protini gramu 20 hivi katika kila gramu 100. Omena waliokaushwa wa Ziwa Victoria, ambao Tanzania huitwa dagaa, wana zaidi ya gramu 50 kwa uzito ule ule, kwa sababu maji yamekwisha kutoka. Tena huliwa wazima, na mifupa yao huongeza madini mwilini. Mnunuzi achague wanaong'aa kama fedha, wasionuka ukungu, waliokaushwa juu ya nyavu wala si mchangani. Ni ajabu kidogo kwamba sehemu kubwa ya samaki hawa huishia viwandani kuwa chakula cha mifugo, na mtu aliyewadharau sokoni akaja kununua kuku kwa bei kubwa.

Baada ya omena, nafuu kubwa iko katika maharagwe, ndengu na mbaazi. Zikiwa kavu, zina gramu 20 au zaidi katika kila gramu 100. Upungufu wake hukamilishwa na nafaka, nao wa nafaka hukamilishwa na maharagwe. Kwa hiyo waliobuni githeri walifanya jambo la busara kabla ya maabara kulieleza. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe sana mpaka yalainike kabisa, kwani maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha.

Njugu karanga husifiwa sana, nazo zina protini nyingi, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Anayepunguza unene atosheke na kiganja kimoja. Mafuta ya kupikia yaangaliwe zaidi: kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na mara nyingi omena huelea ndani ya vijiko vitano. Afadhali wakaangwe kwa kijiko kimoja, pamoja na nyanya na vitunguu.

Chukua siku moja ya kibarua wa kilo 70. Asubuhi hunywa uji wa wimbi na nusu lita ya maziwa, akala mayai mawili ya kuchemsha: gramu 32 hivi. Mchana hula githeri ya maharagwe gramu 100 na mahindi gramu 100, yakipimwa makavu: gramu 30 hivi. Jioni hula omena wakavu gramu 50, sukuma wiki, na ugali wa unga gramu 150: gramu 40 au zaidi. Jumla yapita gramu 100, wala hakupita kwa mchinjaji.

Chakula hiki hakijengi misuli kwa mtu aliyeketi. Lazima misuli ilazimishwe kufanya kazi nzito mara mbili au tatu kwa juma, kwa vyuma au kwa kuinua mwili wenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo asizidishe protini kabla ya kumwuliza daktari.

Uzito upimwe mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula. Ukipungua nusu kilo, mambo yanakwenda sawasawa. Ukipungua zaidi ya kilo moja juma baada ya juma, sahani ya githeri iongezwe.