Kurudia Mtihani wa Hesabu za Biashara: Maandalizi Yaanze Wakati wa Mavuno

Mhitimu wa kidato cha nne mwenye D tatu pungufu yake mara nyingi ni somo moja tu. Vyuo vingi vinavyotoa astashahada ya uhasibu au biashara hudai ufaulu wa masomo manne, yale ya dini yakiwa hayahesabiwi. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) humruhusu mhitimu huyo kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mwenye genge au biashara ya mafuta ya alizeti, somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu li karibu naye kuliko anavyodhani. D huanzia alama 30, na C, yaani krediti, alama 45.

Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Mtihani hufanyika Novemba, lakini usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, wakati wa palizi, ghala zikiwa tupu. Fedha za alizeti huja baadaye, dirisha likiwa limekwisha kufungwa. Ada, basi, haina budi kutengwa katika mauzo ya mavuno yaliyotangulia.

Katika somo lenyewe, wafanyabiashara hujikwaa penye mali iliyotumika nyumbani. Tuseme mtu amenunua mafuta ya shilingi 600,000, akauza kwa shilingi 520,000, na yaliyobaki yana thamani ya shilingi 160,000. Mafuta ya shilingi 40,000 yalipikiwa nyumbani. Hayo hupunguzwa kwenye manunuzi: gharama ya mafuta yaliyouzwa ni shilingi 400,000, na faida ghafi 120,000. Asiyeyaandika hupata faida ya 80,000, kisha huilaumu biashara kwa kilicholiwa mezani. Anayejaza daftari la mapato na matumizi kila jioni huwa amekwisha kujifunza sehemu hiyo.

Hata hivyo, maswali huandikwa kwa Kiingereza. Anayejua hesabu hizo kwa Kiswahili pekee anapaswa kuzoea istilahi zake mapema, kwa kufanya mitihani iliyopita kwa kalamu na saa.

Ambaye hakupita sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa (QT). Maelekezo hutolewa na Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu ya Watu Wazima wa Halmashauri au Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Anayerudia afike na namba yake ya mtihani wa awali.