Mlinzi Mwembamba wa Silikoni

Kila askari aliyewahi kukaa katika kituo cha mbali anafahamu kwamba redio isiyo na umeme ni sawa na bunduki isiyo na risasi. Mabamba ya nguvu za jua husaidia mchana, lakini jua likishatua hapana budi kutegemea akiba.

Huko Pasadena, nchini Marekani, Profesa Nathan Lewis, mtaalamu wa kemia wa California Institute of Technology, ameitafuta akiba hiyo kwa miaka mingi. Madhumuni yake ni kutumia mwanga wa jua kuyagawa maji yawe haidrojeni na oksijeni, kisha haidrojeni ihifadhiwe kama mafuta. Wataalamu wa Japani, Fujishima na Honda, walionyesha mwaka 1972 kwamba mwanga waweza kuifanya kazi hiyo.

Chombo kinachotumika ni silikoni, ambayo ni nusu-kipitishi: yapitisha umeme kuliko kioo, lakini haiifikii shaba. Ndani yake kila atomu imeshikana na nyingine nne. Usoni, atomu hukosa wenzake, na mikono iliyobaki wazi huzinasa elektroni zilizoamshwa na mwanga kabla hazijatenda kazi. Mwaka 1996 Profesa Lewis na wenzake walieleza njia ya kuifunga mikono hiyo kwa viungo vya kaboni.

Hata hivyo, adui mwingine alibaki, nayo ni maji yenyewe. Silikoni inayotoa oksijeni majini huliwa, au hujifunika gamba lisilopitisha umeme. Mwaka 2014 kundi hilo lilitangaza kinga: utando wa oksidi ya titani, wenye unene wa nanomita 4 hadi 143, ambao unywele wa binadamu waushinda kwa unene mara mamia. Juu yake viliwekwa visiwa vidogo vya nikeli. Utando huo ukawa kama askari mwaminifu kizuizini: chaji za umeme zikapita, maji yakazuiwa. Silikoni ilifanya kazi kwa zaidi ya saa 100 mfululizo katika maji makali ya potashi.

Saa 100 ni siku nne na ushee, ilhali bamba la jua hutarajiwa kudumu miaka zaidi ya 20. Vita hivyo, basi, havijamalizika. Lakini walinzi wa mipaka hawatashangaa kusikia kwamba mapambano makali yako usoni, pale silikoni inapokutana na maji.