Chambo kisichovua samaki kinavyovua mamilioni

MWAKA 2022 jezi ambayo Diego Maradona aliwafunga nayo England kwa mkono, Kombe la Dunia 1986, ilipigwa mnada kwa zaidi ya Pauni 7 milioni. Kiungo wa England, Steve Hodge, aliyebadilishana naye jezi siku ile, aliitunza zaidi ya miaka 30 na ikamlipa. Mashabiki wa soka wala hawakushangaa sana.

Sasa sikia hii. Mwaka 2003, kwenye mnada wa Lang's huko Marekani, mtu alitoa Dola 101,200 kununua samaki wa shaba. Kwa kiwango cha sasa ni zaidi ya Sh200 milioni. Si kombe wala medali, ni chambo bandia: kile kidude chenye ndoano kinachofungwa kwenye mshipi ili samaki adhani amepata kitoweo.

Kinaitwa Giant Haskell Minnow, kina urefu wa sentimita 25 hivi. Riley Haskell, fundi bunduki wa Painesville, Ohio, alisajili ubunifu wake mwaka 1859.

KIPANDE CHA MTI BWAWANI

Lakini ukitaka kujua mchezo huu wa kukusanya vyambo vya kale ulikopata uhondo wake, nenda Dowagiac, mji mdogo wa Michigan. Hapo alikuwapo mfuga nyuki, James Heddon. Inasimuliwa kwamba siku moja akimsubiri rafiki yake kando ya bwawa, alichonga kijiti kupoteza muda, kisha akakitupa majini. Samaki akakivamia kwa hasira.

Heddon akarudi nyumbani kuchonga vyura wa mti, wa kwake na wa marafiki. Mwaka 1902 akafungua kampuni na mwanawe. Vyura wale wa mwanzo waliobaki ni wachache mno, na kila mkusanyaji anawaota. Wapinzani wakaja: Creek Chub, Pflueger, South Bend na Shakespeare (si yule wa tamthilia, huyu ni wa Kalamazoo). Ligi ikachangamka.

Mwaka 1976 wakusanyaji wakaunda chama chao cha kitaifa Marekani, NFLCC. Hawa jamaa wanakagua kitu kama daktari wa timu anavyompima mchezaji mpya kabla ya usajili. Macho ni ya kioo au ya rangi? Ndoano imefungwaje? Kila kampuni ilibadilisha vyuma vyake miaka ilivyokwenda, hivyo skrubu moja inaweza kutaja umri wa chambo au kumuumbua tapeli.

Na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mtu anarithi kisanduku cha babu, anakuta samaki wa mti rangi imepasuka, anaona aibu. Anachukua msasa na brashi, anakipaka upya kinang'aa. Kwisha habari yake! Rangi ya kiwandani, hata ikiwa na nyufa, ndiyo pesa yenyewe. Ni sawa na kuipiga pasi saini ya Pele mpaka ifutike.

Boksi nalo usilitupe. Wavuvi wa zamani walichana, wakatoa chambo, wakaenda ziwani. Ndiyo maana boksi tupu la zamani wakati mwingine linauzwa ghali kuliko chambo chenyewe. Kilichonunuliwa kikasahaulika kabatini, hakijawahi kuvua hata perege, ndicho kinachogombewa. Aliyekaa benchi msimu mzima ndiye anauzwa bei mbaya.

KUTOKA FINLAND

Ulaya nao wana mtu wao, Lauri Rapala wa Finland. Mwaka 1936 alichonga chambo kwa gome laini la mti na kisu cha fundi viatu, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa kisiingie maji. Mwaka 1962 jarida la Life likamwandika katika toleo lililobeba habari za kifo cha Marilyn Monroe, likanunuliwa kama njugu, na maagizo yakamwagika Finland.

Vyambo vyenye jina lake vinatupwa hadi Ziwa Victoria, na watu wanaovua sangara kwa fimbo kama mchezo. Kikinasa kwenye mawe, mshipi unakatwa, kinabaki hukohuko chini.