Dereva, Gari la Shule na Mtoto Anayevuka

Kwa wafadhili wetu ambao hawajafika Tanga: barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata, Kabuku na Segera, wilayani Handeni, ndipo iingie Korogwe na kuendelea Mombo kuelekea Moshi na Arusha. Mabasi na malori hupita humo usiku na mchana. Siku hizi barabara ya Korogwe hadi Handeni, na ya Handeni hadi Mkata, nazo zina lami. Tunaishukuru lami, kwa kuwa mgonjwa anafika hospitali mapema. Lakini imeleta mwendo wa kasi mbele ya shule ambazo zamani zilipitwa na gari moja moja, tena likikwepa mashimo.

Ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyochukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa basi la Shule ya Lucky Vincent, ililifanya taifa zima lizungumze juu ya magari ya shule. Ni haki. Hata hivyo, huku kwetu watoto walio wengi hawalijui basi la shule. Wanatembea kwa miguu pembeni mwa lami, kuanzia saa 12 asubuhi.

Na hata kwa wale wanaopanda gari, hatari kubwa huja wakishashuka. Mtoto hupita mbele au nyuma ya gari lililosimama ili avuke. Dereva anayelipita gari hilo hamwoni, wala mtoto haoni kinachokuja. Zaidi ya hayo, mtoto wa darasa la pili bado hajaweza kukadiria vizuri kasi ya gari. Kumwambia tu “uwe mwangalifu” hakutoshi. Mwenye kupaswa kupunguza mwendo ni mwenye usukani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Kwa mwendo huo gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, husimama baada ya mita 28 hivi, tukihesabu na sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 80 linahitaji karibu mita 58, na lori lenye shehena zaidi ya hapo. Mbele ya shule, Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30. Dereva akiona gari la shule limesimama, asilipite mbio; apunguze kabisa, awe tayari kusimama.

Madereva hawatabadilika kwa mabango peke yake. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilijenga matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule, na majeraha ya watoto yakapungua. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa. Kwa maoni yetu, mfadhili anayefikiria kununua basi moja aulize kwanza kama shule ile ina tuta na kivuko.

Kamati za parokia zinazotaka kuomba matuta zikumbuke kuwa barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya chini ya TARURA. Barua ipitie serikali ya kijiji au mtaa, ikiambatana na hesabu ya watoto wanaovuka asubuhi na saa 9 mchana. Kuhesabu ni kazi ya siku tatu kwa watu wawili wenye daftari.