Gari likigonga ng'ombe Garsen, rangi ni kazi ya mwisho

AJALI ndogo katika barabara ya Malindi kuelekea Garsen na Lamu huwa haina kelele nyingi. Ng'ombe huibuka kichakani jua likitua, dereva hukanyaga breki, bampa hupinda, taa huvunjika, nalo gurudumu hugonga ukingo wa lami kabla ya gari kusimama. Hakuna aliyefariki. Kesho yake asubuhi gari liko chini ya mti kwa fundi wa jua kali, nyundo zinalia, na mwenyewe anauliza litakuwa tayari saa ngapi.

Kazi ya nyundo ndiyo inayoonekana, na ndiyo mwenye gari hulipia bila kunung'unika. Hatari yenyewe, hata hivyo, iko chini ya bodi: katika chesisi iliyopinda kiasi cha upana wa kidole, au katika mkono wa gurudumu uliosogea nyuma kidogo pasipo mtu kuuona. Gari la namna hiyo hupakwa rangi likang'aa, likapakia abiria, na kushika njia ambapo kituo kimoja cha afya kiko mbali na kingine.

Garsen na Minjila, katika Kaunti ya Tana River, ni njia panda ya watu wanaotoka Malindi, wanaoelekea Witu na Lamu, na wanaoshuka kutoka Garissa na Hola. Malindi iko umbali unaozidi kilomita 100. Barabara ya kutoka hapo hadi Lamu kupitia Witu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 135, ilianza kuwekwa lami mwishoni mwa miaka ya 2010, na waliokuwa wakitambaa katika vumbi na tope sasa wanakwenda kasi.

Lakini mifugo ya Waorma na Wardei ingali inavuka kwenda mtoni na malishoni kama ilivyovuka kabla ya lami. Ng'ombe aliyekomaa huweza kupita kilo 300. Aidha, nguvu ya mgongano haiongezeki sawa na kasi: dereva anayetoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 ameongeza kasi mara mbili, ila nguvu za kugonga zimeongezeka mara nne. Ajali iliyokuwa ya taa moja zama za vumbi sasa hufika kwenye chesisi.

Haraka nayo ina historia yake. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 katika Kaunti ya Lamu na maeneo jirani, serikali iliweka kwa vipindi mbalimbali marufuku ya kusafiri usiku na misafara ya kusindikizwa na polisi. Dereva akazoea kutaka kufika kabla ya giza, na fundi akazoea kuambiwa amalize leo hii.

Kabla ya kumwita fundi kuna wajibu wa kisheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka dereva aliyedhuru mtu, gari la mwenzake au mnyama asimame na kutoa jina na anwani yake. Asipoweza, apige ripoti katika kituo cha polisi mapema iwezekanavyo, tena ndani ya saa 24. Wapo wanaoona ni usumbufu kuandikisha ng'ombe, hasa wazee wa pande mbili wanapokuwa tayari kuketi na kupatana. Bila hati ya polisi, hata hivyo, kampuni ya bima haina pa kuanzia.

Bima yenyewe huwashangaza wengi. Ile inayolazimishwa na Sura ya 405 ni ya kuwafidia watu wengine wanaoumia au kufariki. Haitengenezi gari la aliyeikata. Mwenye Probox ya kubeba abiria au pikapu ya kubeba maembe, ambaye hakukata bima kamili, atalipa mwenyewe hadi senti ya mwisho. Ndiyo sababu majadiliano chini ya mti huanzia kwenye kinachoonekana.

Fundi mwenye ujuzi huanza kwa kuuliza swali moja: gari hili limejengwa vipi? Land Cruiser ya mizigo, Hilux na malori ya Isuzu yana chesisi iliyo mbali na bodi, mithili ya ngazi iliyolazwa, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Probox, Corolla na magari mengi madogo ya mtumba kutoka Japani hayana ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, nguzo za milango na mabati ya mbele yameshikana kuwa kitu kimoja. Pua ya gari la aina hii ikigongwa, nguvu husafiri hadi kwenye nguzo ya mlango, na huko hakuna nyundo inayofika.

Dalili za kwanza hazihitaji mashine. Milango hufunguliwa na kufungwa: mlango uliokuwa ukiitika kwa kidole na sasa unataka bega umeshatoa ushahidi. Mwanya kati ya boneti na fenda hulinganishwa kushoto na kulia. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, huenda bawaba zimelegea, lakini yawezekana pia pua nzima imehamia kando.

Baada ya hapo ni kupima, na hapa ndipo kisingizio cha kukosa mashine kinapogonga ukuta. Timazi ya mwashi, utepe wa kupimia, chaki na sakafu ya saruji iliyo sawa vyatosha. Gari hupandishwa kwenye vigingi, timazi huning'inizwa kutoka matundu manne ya chesisi yanayolingana kushoto na kulia, na kila inapogusa chini hutiwa alama. Gari likiondolewa, alama hizo hupimwa kwa mshazari, kona kwa kona. Mistari miwili ya mshazari ikilingana, fremu haikwenda upande. Zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, iko kazi ya kufanywa kabla ya rangi kutajwa.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi. Umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma katika Probox ni milimita 2,550, na sharti uwe sawa pande zote mbili magurudumu yakielekezwa mbele. Upande uliogonga ukisoma 2,535, gurudumu limerudishwa nyuma. Ama mkono wa chini umepinda, ama mahali unapofungwa pamesogea. Gari litavuta upande huo, na breki ya ghafla itauzidisha mvuto.

Fremu iliyopinda hunyooshwa kwa kuvutwa, haipigwi. Kanuni ya mafundi wazee ni kwamba kilichopinda mwisho hunyooshwa kwanza, na mvuto uelekee kule pigo lilikotoka. Gari hufungwa imara kwa nyuma, mnyororo hushikizwa mahali penye nguvu, na jeki ya mafuta huvuta polepole huku utepe ukipima kila hatua. Inavutwa, inaachwa ipumue, inapimwa tena, kwa kuwa chuma hurudi kidogo kikiachiliwa. Kufunga mnyororo kwenye mkwaju na kulirusha gari kinyumenyume kwa gia, jambo linalofanywa sehemu nyingi, huvunja mahali pasipokusudiwa, na mnyororo unaokatika huua.

Moto wa gesi ni kishawishi kikubwa, maana chuma chekundu hutii. Sehemu nyingi za magari ya miaka ya karibuni, hasa nguzo za milango na mihimili ya mbele, zimetengenezwa kwa chuma kilichoimarishwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Kikichomwa ovyo hupoteza ule ugumu kilichopewa, hata kama umbo limerudi. Katika ajali ya pili mhimili huo utakunjika mapema kuliko ulivyokusudiwa, na aliyeketi nyuma yake ndiye atakayegundua. Chesisi za malori mengi nazo zina onyo hilo hilo: kutoboa au kuchomelea kingo za juu na za chini ni kuanzisha ufa.

Panapolazimu kuchomelea, betri hufunguliwa kwanza, na waya wa ardhi hushikizwa karibu na panapochomelewa ili umeme usipite kwenye kompyuta ya gari au gololi za magurudumu. Mabati ya gari dogo yaliunganishwa kwa vidoti vingi vidogo vidogo. Fundi makini hutoboa matundu madogo na kuyajaza, badala ya kuvuta mstari mrefu wa moto unaochoma bati lote. Nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma isikatwe wala kufunikwa, kwani ndiyo inayolinganishwa na ile ya usajili.

Baada ya fremu ndipo zamu ya magurudumu ifike. Mkono wa chini, boljointi, tairodi, shoki, bushi na kitovu hukaguliwa kimoja kimoja, na hapa sheria haina huruma: kifaa cha usukani kilichopinda hakinyooshwi, hubadilishwa. Tairodi iliyonyooshwa kwa nyundo itaonekana nyoofu, nayo itakatika siku gurudumu litakapotumbukia shimoni. Shoki hubadilishwa kwa jozi, ya kushoto na ya kulia, vinginevyo gari litainamia upande mmoja likifunga breki.

Pikapu na malori yenye springi za mabapa yana kasoro yao maalumu. Bolti ya katikati inayoshika mabapa hukatika kwa kishindo, ekseli ikateleza nyuma upande mmoja, nalo gari likaanza kutembea kimshazari kama kaa wa Kipini. Anayelifuata nyuma huona ubavu wake, ilhali dereva aliye ndani hudhani ni usukani tu. Hakuna mashine ya kupanga magurudumu itakayoponya hilo kabla bolti haijabadilishwa na yu-bolti kukazwa upya.

Mpangilio wa magurudumu huweza kukadiriwa kwa kamba mbili zilizonyooshwa sambamba na gari, kimo cha vitovu, na utepe ukapima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Hayo ni makadirio ya kulifikisha gari Malindi au Mombasa kwenye mashine, si mbadala wa mashine. Dereva akiona tairi jipya limelika ukingo mmoja na kukimbilia kununua jingine, analipia kosa lile lile mara mbili.

Kuna taa ndogo yenye picha ya mtu na mpira mbele yake kwenye dashibodi. Ufunguo ukizungushwa sharti iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Ikikaa ikiwaka, mifuko ya hewa au mikanda ina hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ama kuibandika gundi nyeusi, na anayetaka kununua gari lililowahi kugongwa angefanya vyema kuitazama kabla ya kutazama rangi.

Bodi sasa yaweza kunyooshwa. Puti ni ya kusawazisha mikwaruzo na mabonde madogo. Ikizidi milimita tatu hivi huanza kupasuka, hasa katika magari yanayotikisika. Sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, ikifungwa kitambaa na kupitishwa juu ya bati, hushika penye chuma na huteleza penye puti nene. Mnunuzi wa gari la mtumba ana haki ya kubeba sumaku yake.

Katika Delta ya Tana adui wa bodi ni unyevu. Udongo mweusi wa mfinyanzi huingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo ukiwa mbichi kwa wiki kadhaa, na magari yaliyopita ndani ya maji ya mafuriko ya Novemba 2023, wakati barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipokatika eneo la Gamba, yalibeba tope hilo hadi ndani ya mihimili. Bati lisipooshwa, kukaushwa na kupakwa dawa ya kutu upande wa ndani pia, kutu huanzia nyuma ya rangi mpya na kutokea mbele likiwa tayari ni tundu. Kupaka rangi asubuhi yenye umande ni kufungia maji ndani.

Magari ya abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, mara moja kwa mwaka. Gari lililogonga ng'ombe mwezi mmoja baada ya ukaguzi lina miezi 11 ya kubeba watu kwa neno la fundi na mwenyewe pekee. Karatasi ya vipimo, yenye urefu wa mishazari na umbali wa vitovu kabla na baada ya kazi, ingegharimu kalamu tu, na mwenye gari ana kila sababu ya kuidai kabla ya kulipa.

Kazi ikiisha, gari hujaribiwa tupu kwenye sehemu iliyonyooka, usukani ukishikwa kwa wepesi, kwanza mwendo wa polepole na breki za taratibu, kisha za nguvu. Bolti za magurudumu na za springi hukazwa tena baada ya safari ya kwanza. Baada ya kilomita mia kadhaa kiganja hupitishwa juu ya tairi, kwenda na kurudi: likiwa laini upande mmoja na lenye meno kama msumeno upande wa pili, gurudumu bado linaburutwa, na gari lirudi kwa fundi kabla halijapakia tena abiria wa Lamu.