Kunyanyua wanalipa, kunyoosha wanaguna

Kwanza niliona nukta. Nukta nne za chaki kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa, pembezoni mwa senta ya Nkwenda, wilayani Kyerwa. Mbili huku, mbili kule, kama pembe za mkeka. Nilipoinama nikaona nyingine, zilizofifia, na nyingine zaidi, kila nne na herufi tatu za mwisho za namba ya gari pembeni yake. Nikamuuliza mzee aliyekuwa amechutama kando ya Noah ya fedha iliyojaa matope: hizi ni za nini?

"Hizo ni hesabu za tairi za watu," alisema bila kuinua kichwa. "Usizikanyage."

Nilikuwa nimefika Nkwenda kwa habari ya kahawa. Msimu ulikuwa umekwisha, sakafu ilikuwa tupu, na mwenyeji wangu alikuwa amechelewa. Alipofika alinikuta nimeshika ncha ya uzi wa mwashi chini ya gari la mtu nisiyemfahamu. Habari ya kahawa nitaiandika siku nyingine.

Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa kwa nini gari linanyanyuliwa. Ukiiacha barabara kuu ukaingia vijijini, mvua za masika na za vuli zimechora makorongo katikati ya njia. Noah iliundwa kwa lami ya Japani. Hapa inabeba watu, maharage, mikungu ya ndizi na mgonjwa aliyezidiwa usiku. Tumbo likikwaruza mara ya tatu, mwenye gari anaenda kwa fundi, zinawekwa spesa juu ya springi, gari linapanda inchi moja na nusu au mbili, na safari inaendelea. Dereva anatoka akitabasamu. Watu wanaligeukia gari lake.

Noah ya siku ile ilikuwa imenyanyuliwa na mzee huyuhuyu, miezi miwili nyuma. Alimwambia dereva arudi baada ya wiki moja, springi zikishakaa, ili apige alaimenti, yaani ayanyooshe matairi. Dereva hakurudi, hadi tairi za mbele zilipokula upande wa ndani na nyuzi kuanza kuchungulia. Usukani ulikuwa umelala upande ilhali gari linakwenda mbele.

"Waitu, mzee, nisaidie tu," dereva aliomba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mzee hakumgombeza. Alipitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Akanishika mkono nami nifanye hivyo. Upande mmoja kiganja kiliteleza. Upande wa pili kilikwama kwenye vijino vidogo, kama ulimi wa ng'ombe.

"Tairi linalozunguka halifanyi hivyo," alisema. "Hili limeburuzwa."

Nilimuuliza kuinua gari kunahusiana vipi na tairi kuburuzwa, maana springi ziko juu na tairi ziko chini. Akanipeleka kwenye geti la uzio. Akaniambia nisimame, ninyooshe mkono sawasawa na bega, nishike ukingo wa geti lililokuwa wazi nusu. Nikashika. Kisha akasogeza jiwe karibu na miguu yangu. "Panda, usilegeze mkono, usiachie." Nilipanda, na geti likanifuata.

"Umeona? Mkono haukurefuka. Wewe ndiye umepanda. Mkono wako ndio tairodi, geti ndilo tairi."

Ndivyo ilivyo. Reki ya usukani imefungwa kwenye mwili wa gari, kwa hiyo gari likinyanyuliwa reki inapanda nalo. Tairi linabaki chini. Tairodi, kijiti kinachounganisha reki na tairi, ilikuwa imelala karibu sawa; sasa inaning'inia kwa mshazari, na kijiti cha mshazari hakifiki mbali kama kilicholala. Kwenye gari hili reki iko nyuma ya magurudumu, hivyo nyuma ya kila tairi ilivutwa ndani, na pua za matairi zikatoka nje. Moja likataka kwenda upande wa Uganda, jingine upande wa Rwanda, na injini ikayalazimisha yote mawili yaende Omurushaka.

Kazi yake ilinichukua mchana mzima kuitazama, na ningeitazama tena kesho yake.

Alianza na mambo ambayo dereva aliyaona ni kupoteza muda. Alipima upepo wa matairi yote manne. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa, akisikiliza boljointi. Akalishika kulia na kushoto, akisikiliza tairodi. "Huwezi kunyoosha kitu kinachocheza," alisema. "Ukinyoosha saa nne, saa sita kimesharudi." Shokapu moja lilikuwa linavuja. Alilionyesha kwa kidole, akaendelea.

Kisha alipaka chaki katikati ya kila tairi la mbele, likiwa juu ya jeki, akaegesha msumari kwenye kipande cha mbao kilichosimama imara sakafuni, ncha ikagusa chaki. Kijana anayejifunza kwake akalizungusha tairi taratibu. Msumari haukusogea, tairi ndilo lililozunguka, na mstari mwembamba ukajichora hadi ukakutana na mwanzo wake. Nilimuuliza kwa nini asipime tu kutoka kwenye rimu. "Rimu za huku zimepigwa na mawe, zimepinda," alisema. "Mstari huu unachorwa na mzunguko wenyewe. Mzunguko haudanganyi."

Gari likateremshwa juu ya vipande vya bati, viwiliviwili chini ya kila tairi la mbele, na grisi katikati, ili tairi likae linavyotaka bila kushikwa na saruji. Mahali pa kila tairi palichaguliwa zamani: sakafu ya kahawa ina mwinamo mdogo wa kukimbiza maji ya mvua, naye alitafuta sehemu zilizo sawa kwa mpira mrefu wa maji, kama waashi wanavyopima msingi wa nyumba. Usukani ulinyooshwa ukafungwa kwenye kiti kwa utepe wa tyubu kuukuu. Alilibonyeza gari mbele mara tatu, mara nne, likakaa.

Ndipo ikatoka timazi. Timazi ya mwashi, risasi ya shaba kwenye kamba. Aliishusha mbele ya tairi, kutoka kwenye mstari wa msumari, kwa kimo kilekile cha katikati ya gurudumu, alichokipima kwa kijiti alichokikata kwa gari hilo peke yake. Alisubiri risasi iache kuyumba. Upepo ulipovuma alisubiri tena. Akaweka nukta chini ya ncha yake. Akafanya hivyo nyuma ya tairi, kisha upande wa pili. Gari likasukumwa pembeni, na zikabaki nukta nne.

Alivuta tepu kati ya nukta za mbele: sentimita 147 na milimita 2. Kati ya nukta za nyuma: sentimita 146 kamili. Milimita 12.

Usiku ule nilikaa na hesabu hiyo. Tairi lilikuwa na maandishi 195/65R15, yaani kipenyo cha takriban sentimita 63. Milimita 12 zikigawanywa kwa matairi mawili, kila moja limepinda milimita 6. Kwa mpindo huo, katika kila kilomita moja tairi linaburuzwa pembeni zaidi ya mita 9. Safari ya kilomita 100 ikiisha, dereva amelikokota kila tairi la mbele upande upande karibu kilomita nzima, naye hajui. Anajua tu kwamba tairi la mwezi jana limekwisha.

Mzee hahesabu hivyo. Alilegeza nati ya kila tairodi, akaweka alama ya chaki, akazungusha kulia robo, kushoto robo, ili tairodi zirefuke kwa kipimo kimoja na usukani usilale upande. Akarudisha gari kwenye mabati, akashusha timazi tena. Akazungusha tena. Mara ya nne, nukta za mbele na za nyuma zilipishana milimita moja, mbele kukiwa kudogo zaidi. Akakaza nati.

Tatizo la kuyaongoza magurudumu mawili ya mbele ni la zamani kuliko gari la injini. Mjerumani Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa Munich, alibuni namna ya kufanya kila gurudumu la mbele ligeuke kwenye mhimili wake huku yote mawili yakiunganishwa kwa fito, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaiandikisha hataza London. Nilipomweleza, mzee aliacha spana. "Kumbe hata mkokoteni wa farasi ulikuwa na tairodi!" Alifurahi kweli, kama mtu aliyesikia habari za ndugu wa mbali.

Akaniambia si kila gari linapotoka namna hii. Land Cruiser mkonga, zile za familia ya 70 zilizoanza mwaka 1984, zina ekseli nzima mbele. Tairodi yake inatoka gurudumu hadi gurudumu na haipandi na mwili, kwa hiyo ukiinyanyua pua za matairi hazibadiliki. Ugonjwa wake ni mwingine. "Tazama baiskeli," alisema. Uma wa mbele umelala nyuma kidogo, ndiyo maana mtu anaweza kuachia mikono na gurudumu likajirudi lenyewe. Kwenye mkonga yenye koili mbele, ukiinyanyua ekseli inazunguka, uma unasimama. "Hapo gari inalewa. Unaisahihisha kushoto, inakwenda kulia. Tairi haziliki, lakini dereva anachoka, na dereva aliyechoka ndiye anayeua." Dawa yake ni bushi ambazo tundu lake limehamishwa kutoka katikati, ili ekseli irudishwe nyuma.

Nilimuuliza ni kazi gani inamlipa. Alifuta mikono kwanza.

"Kunyanyua wanalipa, kunyoosha wanaguna. Spesa mtu anaziona. Anasimama mbali anaona gari imepanda, anatoa hela. Uzi na timazi, ananiuliza, mzee, na hii nayo ni hela? Maana gari imeingia hivi na imetoka hivihivi. Macho yake hayaoni milimita."

Maneno hayo yamenifuata hadi nyumbani. Kila kimo tunachokiongeza juu kinaacha deni chini, na deni hilo linalipwa na tairi, na boljointi, na abiria aliyekaa nyuma akiwa amepakata mtoto. Mzee ana mipaka yake: hazidishi inchi mbili, na hakubali kupanua tundu za bolti za shokapu ili kurudisha ndani vichwa vya matairi vilivyoegemea nje. Anayarudisha kadiri bolti zinavyoruhusu, na kinachobaki anamwambia mwenye gari wazi. Anakagua mpira wa breki usivutike tairi likining'inia. Anashusha taa za mbele, kwa sababu gari lililopanda linamulika machoni mwa anayekuja. Hakuna aliyemwandikia masharti hayo.

Nani basi anamkagua fundi asiyejiwekea mipaka? Nani anapima kama Noah iliyojaa watu, iliyopanda inchi tatu, itasimama kwenye kona ya mteremko wakati wa mvua? Na hadi lini tutaendelea kunyanyua magari, badala ya kuinua njia zinakopita? Nilimuuliza mzee hili la mwisho. Alitazama barabara, kisha akatazama kazi yake, na hakunijibu.

Jua lilipoinama, dereva aliijaribu Noah kwenye kipande kilichonyooka. Aliachia usukani kwa sekunde chache. Gari lilikwenda mbele. Alirudi akacheka peke yake, akalipa pungufu ya alichoambiwa, akaahidi kumalizia.

Nilimuuliza yule kijana mwanafunzi kama ameshajua kushusha timazi. Alimtazama mzee, akatabasamu kwa aibu. "Mimi nafunga spesa," alisema.

Mzee alikuwa akikunja kamba taratibu kuizunguka ile risasi. Sakafuni zilibaki nukta nne mpya. Aliandika herufi tatu pembeni yake, ingawa msimu wa kahawa ukirudi sakafu itafagiliwa yote.