Baiskeli za Kuringia za Ziwa la Ng'ombe

Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma inayojulikana Kenya nzima kwa jina hilo, hutoka dukani ikiwa sawa kabisa na nyenzake. Ina uzito wa kilo 20 hivi, gia moja, na breki za vyuma vyembamba vinavyovuta vipande vya mpira kubana rimu kwa ndani. Kumi zikiegemezwa kwenye ukuta mmoja, mwenyewe huitambua yake kwa mkwaruzo tu. Kwa mtu anayeishi kwa baiskeli hiyo jambo hili halivumiliki, na mapambo huanza mapema: leo stika kwenye fremu, mwezi ujao kioo cha pembeni, baadaye ua la plastiki juu ya taa. Katika Ziwa la Ng'ombe, mtaa wa Mombasa wenye nyumba zilizobanana jirani na Bombolulu na barabara kuu ya kwenda Malindi, baiskeli bado ni chombo cha kazi, na ya kazi ndiyo inayopambwa zaidi.

Umbo lake ni la zamani. John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuendesha la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ikaisambaza baiskeli ya aina hiyo katika makoloni ya Waingereza, Afrika Mashariki ikiwemo. Baada ya uhuru soko lilihamia kwa Wahindi na Wachina: Hero, iliyoanza kuunda baiskeli Ludhiana mwaka 1956, Avon ya mji huohuo, na Phoenix ya Shanghai. Majina yalibadilika, vipimo vikabaki. Tairi la inchi 28 la kiwanda kimoja huingia kwenye rimu ya kingine, na keria ya baiskeli iliyokufa hufungwa kwenye iliyo hai. Bila usawa huo wa vipuri, kazi ya kupamba na kubadilisha ingekuwa ya matajiri peke yao.

Mapambo mengi ya pwani yalianza kama kinga. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Rangi ikichubuka kidogo kwenye fremu, kutu huingia. Usukani unaong'aa huanza kuota madoa. Wenye baiskeli hujibu kwa kuifunika: mabomba ya fremu huviringishwa utepe wa plastiki wa rangi, au ngozi bandia iliyoshonwa kwa uzi mnene. Kwa kuwa utepe wa rangi mbili haugharimu zaidi ya wa rangi moja, kinga ikageuka urembo. Ndivyo ilivyo pia kwa kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya madigadi. Kazi yake ni kuzuia tope lisimrukie mpanda, na katika mitaa isiyo na lami wakati wa masika hiyo si kazi ndogo. Lakini kipande hicho ndicho kinachoonekana na kila anayefuata nyuma, kwa hiyo kimekuwa ubao wa maandishi na michoro: nyota, moyo, nembo ya klabu ya mpira ya Uingereza, jina la mtoto.

Maandishi hayo ni ndugu wa kanga. Kama kanga, husema kwa mafumbo, humlenga mtu bila kumtaja, na humwachia msomaji ajishuku mwenyewe. "Hasidi hana sababu" na "Mgaa gaa na upwa hali wali mkavu" ni methali zinazokaa vizuri kwenye mpira wa upana wa kiganja. Wengine huandika dua fupi, au jina la mji walikotoka. Matatu nazo zilikuwa na maandishi na michoro ya namna hii hadi serikali ya Kenya ilipoleta kanuni kali za mwaka 2004, zilizojulikana kwa jina la waziri John Michuki, zikadai mstari wa manjano ubavuni na kuufuta ufundi wa wachoraji wengi kwa miaka kadhaa. Baiskeli haikuguswa. Hakuna aliyeona haja ya kuiwekea kanuni kama hizo, na labda ndiyo maana mapambo yake hayakuwahi kukatika.

Mbele, usukani ndio uso wa baiskeli. Vishikio vya mpira huvishwa vishada vya nyuzi za plastiki vinavyopepea mwendoni. Vioo vya pembeni hufungwa viwili, mara nyingine vinne, ingawa kimoja kingetosha kuonyesha tuktuk inayokuja nyuma. Kengele hupendwa ile kubwa ya kuzungusha, yenye mlio mrefu, na wapo wanaoongeza honi ya mpira wa kubonyeza. Taa ya zamani hupata umeme kutoka dainamo ya volti 6 na wati 3 inayosuguana na tairi. Mpanda akisimama, taa inazima. Taa ndogo za LED zilipoanza kupatikana kwa bei ya chini mafundi waliachana na dainamo na kufunga betri, na sasa fremu nzima inaweza kuwaka buluu au nyekundu usiku. Magurudumu nayo hupewa haki yake. Spoku huvishwa vipande vya mirija ya rangi au shanga za plastiki, ambazo hushuka na kugonga rimu kila gurudumu linapozunguka polepole, kisha hunyamaza mwendo unapokolea.

Chini ya urembo huo kuna mabadiliko yasiyoonekana kwa urahisi, na hayo ndiyo yanayompa fundi heshima yake. Keria ya dukani imekusudiwa mzigo mdogo. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe, na keria hiyo hupinda siku ya kwanza. Fundi huiondoa, akachomelea nyingine ya nondo, akaiteremshia miguu hadi kwenye ekseli ya nyuma ili mzigo usiegemee fremu. Stendi ya mguu mmoja hubadilishwa kuwa pana ya miguu miwili, maana baiskeli yenye maji ikianguka haiinuliwi na mtu mmoja. Gurudumu la nyuma la muundo wa Kiingereza lina spoku 40 na la mbele 32, mgawanyo uliofikiriwa kwa sababu uzito mwingi hukaa nyuma; fundi mzuri huzikaza moja moja kwa sikio, akizigonga na kusikiliza mlio.

Gia ni moja, lakini inaweza kuchaguliwa. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husonga karibu mita 5.5 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukiweka meno 22 nyuma, mzunguko huohuo hutoa mita 4.5 tu, na miguu inafanya kazi nyepesi zaidi. Muuza maji na mpeleka mikate huchagua gia hiyo ya pili. Kijana anayetaka mwendo kwenye barabara tambarare huchagua ya kwanza, na hutamba nayo.

Kiti cha abiria kilikuwa na zama zake. Usafiri wa baiskeli wa kulipia, yaani boda boda, ulianza mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, ukaenea miji mingi ya Kenya. Keria ilivishwa sponji na reksini yenye pindo za rangi, ikaongezwa pahali pa kukanyagia na chuma cha abiria kushika. Hapo urembo ulikuwa biashara waziwazi: abiria mwenye nguo safi huchagua kiti safi. Mambo yaligeuka serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Pikipiki zikamiminika, tuktuk nazo zikaongezeka Mombasa, na abiria wakahama. Mapambo nayo yalihama pamoja nao, na leo pikipiki za boda boda zina mipira ya tope, vishada na vioo vilevile. Baiskeli ikabakiwa na mizigo: maji, mikate katika masanduku ya mbao au bati, madafu, na mboga kutoka soko la Kongowea.

Vijana wameleta mtindo wa pili, ambao wenye Black Mamba hawaupendi sana. Baiskeli zao ni za mitumba kutoka ng'ambo: za milima zenye gia nyingi, na za BMX zenye magurudumu ya inchi 20, mchezo uliozaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970 watoto walipoiga mashindano ya pikipiki. Hapa mtindo ni kupunguza. Madigadi hutolewa, kiti hushushwa hadi karibu na fremu, vyuma vya kukanyagia hufungwa kwenye ekseli ili mtu asimame juu yake, na fremu hupuliziwa rangi upya. Maonyesho yao ni michezo ya kuinua gurudumu la mbele na kuzunguka papo hapo, panapopatikana uwanja au kipande cha lami kisicho na magari. Tatizo ni kwamba baadhi huondoa hata breki, wakisimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu. Kwenye barabara ya Malindi, penye malori na matatu, huo ni uzembe na hauwezi kuitwa mtindo.

Jirani na mtaa huu ipo kazi nyingine ya kubadilisha magurudumu ambayo haistahili kusahauliwa. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, ziko chini ya APDK, chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa viungo, kinachojulikana pia kwa kuunda viti vya magurudumu. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo huonekana Mombasa mara kwa mara, hutumia mnyororo, pedeli na rimu za baiskeli ya kawaida, ila pedeli huletwa kifuani. Nazo hupambwa, na wenyewe huzitengeneza kwa kadiri ya miili na biashara zao.

Kujivunia chombo cha magurudumu si hulka ya Mombasa pekee. Goma, mashariki mwa Kongo, ina chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia, na mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Riksho za Dhaka zenye picha za kila aina ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023. Nairobi, msanii Cyrus Kabiru, aliyejulikana kwanza kwa miwani ya takataka za chuma, ametengeneza sanamu kutokana na vipande vya Black Mamba. Sanamu hizo zimefika kwenye majumba ya sanaa. Kazi ya mafundi wa Ziwa la Ng'ombe inabaki barabarani, haina sahihi, na huuzwa pamoja na baiskeli mwenyewe anapohitaji pesa.

Mnunuzi wa baiskeli ya namna hiyo asianze na rangi. Na ainue kwanza gurudumu la nyuma alizungushe kuona kama linayumba, apapase fremu chini ya utepe kutafuta kutu, akague kulehemu pale miguu ya keria inapokutana na ekseli, na avute breki zote mbili akiwa anaisukuma. Vikiwa sawa vitu hivyo vinne, maua na vioo havina bei kubwa.